Mikoba ya shule ilivyowatoa jasho wakubwa wa China

Ndugu msomaji, hebu tazama mkoba wa shule wa mwanao unaoning'inia pale msumarini. Zipu imekufa, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Mkoba huo hauna kadi ya chama chochote. Lakini nakuhakikishia kuwa mikoba kama huo, ikipangwa ukutani na mtu anayejua anachofanya, inaweza kuwakosesha usingizi wakubwa wenye vifaru na magereza. Si ngano hii. Yamewapata wakubwa wa China.

Mei 12, 2008, saa 8:28 mchana, tetemeko la ardhi lilipiga Jimbo la Sichuan. Watu wapatao 69,000 walikufa na maelfu wengine hawakuonekana tena. Saa hiyo watoto walikuwa madarasani, shule zikawaangukia. Tetemeko ni kazi ya Mungu, hilo halina ubishi. Ila wazazi waliofukua vifusi kwa mikono waliona jambo jingine: mahali pengine shule imelala chini, majengo ya jirani yamesimama. Walipoangalia nguzo wakakuta nondo nyembamba, tena chache, na zege linalosagika vidoleni. Wachina huyaita majengo ya namna hiyo machicha ya tofu, yaani makapi yanayobaki soya ikishakamuliwa. Msomaji anayekuna nazi nyumbani kwake hahitaji kuelezwa zaidi. Tui walishakunywa wakubwa na makandarasi wao, watoto wa walalahoi wakajengewa machicha.

Kumbuka pia kuwa wakati ule sheria ya China iliwabana wengi wazae mtoto mmoja tu. Mzazi aliyekuwa akilia pale kifusini mara nyingi alikuwa akimlilia mwanawe wa pekee. Wazazi hao waliandamana wakiwa wamebeba picha za watoto wao. Polisi wakawatawanya. Wengine walishikishwa fedha za fidia pamoja na karatasi ya kusaini kwamba watanyamaza. Na aliyeuliza wanafunzi wangapi wamekufa alijibiwa kuwa hiyo ni siri ya serikali. Kifo cha mtoto, siri ya serikali!

Hapo ndipo alipoingia msanii Ai Weiwei. Huyu hakuwa mtu wa vichochoroni. Baba yake, Ai Qing, alikuwa mshairi na mwanachama wa chama hicho hicho kinachotawala, na bado chama kilimpeleka Xinjiang kusafisha vyoo. Mtoto naye alishirikiana na wasanifu wa Uswisi kubuni uwanja wa Olimpiki wa Beijing, ule unaoitwa Kiota cha Ndege. Angeweza kula keki ya taifa na kufunga mdomo, kama wengi tunaowajua.

Badala yake alikusanya watu wa kujitolea, wakaenda mji kwa mji wakiuliza: mtoto wako aliitwa nani? Alizaliwa lini? Alikuwa darasa la ngapi? Polisi waliwakamata, wakaachiwa, wakarudi tena. Wakapata majina zaidi ya 5,000. Siku tano tu kabla ya mwaka kutimia, serikali ikaamka na kutangaza kuwa wanafunzi waliokufa au kupotea ni 5,335. Tarakimu ilitoka, orodha ya majina haikutoka. Mwezi huo huo ukurasa wa Ai kwenye intaneti ukafungwa.

Agosti 2009 alikwenda mji wa Chengdu kumtolea ushahidi Tan Zuoren, mwanaharakati aliyekuwa akichunguza vifo hivyo hivyo. Saa tisa usiku polisi waliingia chumbani kwake hotelini kwa nguvu, wakampiga kichwani. Mwezi uliofuata, akiwa Munich, Ujerumani, madaktari walimpasua kichwa kuondoa damu iliyovilia. Tan alikuja kuhukumiwa miaka mitano jela.

Sasa turudi kwenye mikoba. Oktoba 2009, katika mji huo huo alikopasuliwa kichwa, Ai alifunika uso mzima wa jumba la maonyesho la Haus der Kunst kwa mikoba 9,000 ya shule. (Jumba hilo alilifungua Hitler mwaka 1937. Kuta nazo zina historia.) Mikoba ilikuwa ya rangi za kitoto, ikapangwa hata ikasomeka kwa Kichina: maneno ya mama mmoja aliyefiwa, kwamba binti yake aliishi kwa furaha miaka saba hapa duniani.

Halafu zikaja nondo. Alinunua nondo zilizopinda kutoka kwenye vifusi vya Sichuan, tani zipatazo 150, mafundi wakazinyoosha kwa nyundo, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Zilipolazwa sakafuni London mwaka 2015, ukutani yalibandikwa majina ya watoto. Vijana wetu wanaonyoosha nondo kuukuu kando ya barabara wanaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba hawa wa kwetu wananyoosha ili zirudi kwenye jengo. Yeye alinyoosha ili zisirudi, zibaki kuwa ushahidi.

Wapo watakaosema hii si sanaa. Mimi niliyeishia kidato cha nne, sanaa niliyofundishwa ni kuchora chungu na mkungu wa ndizi, na mwanzoni nilisema hivyo hivyo. Lakini mtu akichora picha ya maiti, mkubwa atadai mchoraji katia chumvi. Nondo haitii chumvi. Ukiishika unaujua unene wake.

Hata hivyo sitamsifu Ai hadi nipofuke. Mikoba ile waliiona watu wa Munich waliopita zao barabarani. Mama wa Sichuan hakuiona. Wakubwa wa Beijing husema kazi kama hizi zinawafurahisha Wazungu tu. Sawa, lakini ni nani aliyezuia zisionyeshwe nyumbani? Aprili 2011 walimkamata uwanja wa ndege wakamweka ndani siku 81 bila kumfikisha mahakamani, kisha wakamzulia deni la kodi na kumnyima pasipoti hadi 2015.

Utaniuliza, mwandishi, ya China yanatuhusu nini? Februari 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita, CCM kikiwa mwenyeji. Makada wanapikwa pale. Sina ugomvi na majengo, naamini nondo zake ni nene. Ninachotaka kujua ni kama mwalimu anayetoka Beijing huulizwa habari za Sichuan, na kama anajibu, makada wetu huandika nini kwenye madaftari yao?

Maana kuhesabu wafu hata sisi hatujajifunza vizuri. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarakimu tunayo. Wewe msomaji, unaweza kunitajia majina ya watatu tu kati yao? Na nondo za jengo lile, nani alizinyoosha, na leo zimo ndani ya nguzo za jengo gani?