Mwanangu Ataka Kutibu Wagonjwa wa Akili



Mama mmoja wa kijijini alinijia juzi na maneno mazito. Binti yake asoma udaktari Muhimbili, mwaka wa tano, naye akaa kwa shangazi yake Mabibo, Dar es Salaam. Likizo iliyopita binti alisema, "Mama, nikimaliza nataka nijifunze kuwatibu wagonjwa wa akili." Mama akashika kichwa. "Tumeuza ng'ombe wawili ili tupate daktari, naye aenda kukaa na wendawazimu! Watu watasema nini?"

Pengine nawe msomaji ungesema vivyo hivyo. Haya, tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, njia yenyewe. Udaktari husomwa miaka 5. Kisha kijana hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya madaktari wakubwa, ndipo huandikishwa kuwa daktari kamili. Lakini huyo bado ni daktari wa magonjwa yote. Akitaka kuwa bingwa wa tawi moja, hurudi chuoni miaka 3 tena, akijifunza wodini huku akihudumia wagonjwa. Chuo cha Muhimbili, kilichoanza 1963 kama shule ya udaktari na kuwa chuo kikuu chenye kujitegemea 2007, chafundisha ubingwa wa magonjwa ya akili.

Nafasi si za kuokota. Hutazamwa alama, cheti cha mwaka wa mazoezi, cheti cha kuandikishwa, na barua za watu wanaomjua mwombaji kazini. Basi binti asingoje siku ya kujaza fomu. Zile wiki za wodi ya akili azifanye kwa bidii, awe wa kwanza kufika, aandike vizuri habari za wagonjwa wake, kusudi daktari mkubwa atakapoulizwa habari zake awe na la kusema.

Wengine hudhani kazi hii ni ya waliokosa kwingine. La! Huko Marekani, tangu 1952, madaktari vijana huandika orodha ya hospitali wanazozitaka, nazo hospitali huandika orodha ya vijana. Kisha orodha hulinganishwa, na mwezi wa Machi kila mmoja huambiwa kama amepata. Miaka hii ya karibuni nafasi za magonjwa ya akili, ambazo mafunzo yake ni miaka 4, hujaa karibu zote. Na Mtanzania akizitaka, ingawa ni daktari tayari, sharti kwanza ashinde mitihani ya kwao.

Na kwetu je? Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, yawapokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920. Hata hivyo mabingwa ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Fikiri kijijini kwako: yuko mama aliyejifungua akaanza kusema peke yake na kumkataa mtoto; yuko kijana aliyefungwa kamba. Wangapi kati yao wameonwa na daktari?

Nikamwuliza yule mama, "Je, kwenu hamjapata kuwa na mgonjwa wa namna hiyo?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Alikuwapo kaka yangu. Tulimweka katika kibanda cha nyuma miaka mingi. Huyu binti ndiye aliyekuwa akimpelekea uji."

Basi, mama, jibu unalo. Mtoto hakupotea njia. Alianza kazi hii akiwa mdogo, na bakuli mkononi.

Daktari Lambo wa Nigeria, mwaka 1954, alianza mpango huko Aro, karibu na Abeokuta: wagonjwa wakae vijijini pamoja na ndugu zao, na hospitalini waje kutibiwa. Alijua kuwa jamaa ni sehemu ya dawa. Nasi tukiona haya, twamnyima mgonjwa sehemu hiyo.

Nilikwenda Mabibo kumwona binti. Jioni alikuwa ameshuka daladala, amechoka. Akaniambia kuwa wagonjwa hawamwogopeshi. Aogopa wadogo zake wawili wanaongoja ada. Akirudi chuoni miaka 3, nani atawalipia? Hiyo ndiyo hoja ya kweli, wala si maneno ya majirani.

Nami nawaambia wazazi wenye mtoto kama huyu: kaeni naye mzungumze fedha waziwazi. Aweza kufanya kazi kwanza miaka michache katika hospitali ya mkoa, awasaidie wadogo, kisha aombe ruhusa ya masomo. Aliyeajiriwa akiruhusiwa huweza kuendelea kupata mshahara, na pengine mwajiri humlipia ada. Lakini ayaulize hayo mapema, apate majibu kwa maandishi. Haraka haraka haina baraka.

Yule mama ameondoka bila kuniambia kama amekubali. Ila aliuliza swali moja: ile dawa ambayo kaka yake hakuipata, je, leo ipo? Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi nitamwambia mwanangu aniandikie jina lake."