Acheni Kutukimbiza

Tuambizane ukweli: mbio za dakika za mwisho si mapenzi, ni ujanja. Katika Love Actually (2003), mtoto Sam anawakwepa walinzi wa Heathrow, muziki unapanda, nasi machozi yanatulengalenga. Kisa? Joanna tumemsikia akiimba, basi, hatumjui!

Sasa tazama In the Mood for Love (2000) ya Wong Kar-wai. Majirani wawili wanagundua mume wa huyu ana uhusiano na mke wa yule. Wasaliti hao hatuonyeshwi sura zao. Hakuna busu. Kamera inachungulia milangoni. Wawili wanapishana ngazini, mmoja katoka kununua tambi, na moyo unakupasuka.

Waongozaji, kabla hamjatukimbiza, tuonyesheni kwanza tunamkimbilia nani.