Mshipa Upi? Kiharusi, Moyo na Deni la Wanakiswahili

Wapo wanakiswahili wanaoshikilia kwamba kazi ya kuieleza sayansi kwa Kiswahili ilikwisha zamani kwa kuwa istilahi zipo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Maktabani hoja hiyo ina mashiko. Huanza kuyumba pindi inapofikishwa kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi.

Nakuru ni mahali pafaapo kuipimia. Kutoka Molo na Njoro hadi Gilgil na Naivasha, Mgikuyu, Mkalenjin, Mkisii na Mluo hulazwa wodi moja, na lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili. Ugonjwa wenyewe si mgeni huko. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, uliowahusisha wakazi zaidi ya 4,000 wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ulibainisha kuwa takriban nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani presha, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi.

Hebu ichukuliwe familia iliyomfikisha mzee wao hospitalini, mkono na mguu wa kushoto vikiwa vimelegea. Siku ya pili mkono unaanza kuinuka. Jamaa wanashukuru na kuomba ruhusa ya kurudi naye nyumbani. Muuguzi anakataa: bado moyo wake unachunguzwa. Moyo umeingiaje? Jana walielezwa kuwa maradhi yako kichwani, kwamba mshipa umeziba. Muuguzi anafafanua kuwa mishipa inayoongoza moyo huenda imeathirika. Kwa masikio ya jamaa, mshipa ni uleule wa jana, na jibu linasikika kama kisingizio cha kuongeza bili.

Kosa si la muuguzi wala la jamaa. Neno mshipa limetwikwa mizigo mingi mno: njia ya damu, neva, kano, na kwa watu wa pwani hata ngiri. Kinachotukia mwilini mwa mzee huyo hakiwezi kuelezwa kwa neno moja lenye kazi nne.

Moyo una chanzo chake chenyewe cha mapigo. Ukitengwa na neva zote, hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo pungufu ya hayo kwa sababu neva ya vagasi, itokayo katika shina la ubongo, huushikilia moyo mithili ya breki. Neva nyingine, zipitiazo uti wa mgongo, huuharakisha mtu anapoogopa au kupanda kilima. Pande hizi mbili huvutana daima, ndiyo maana mapigo ya mtu mwenye afya hayalingani kama ya saa ya ukutani: huongezeka kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Juu yake zipo sehemu za ubongo zinazotoa maagizo, mojawapo ikiwa insula, iliyojificha ndani kabisa ya ubavu wa ubongo. Kiharusi kikiijeruhi, mizani hupotea. Breki hulegea, kichocheo hutawala, na moyo ambao jana haukuwa na hitilafu unaweza kwenda mrama hata ukasimama. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi siku za mwanzo, yaani siku zilezile ambazo mkono unaoinuka huwahadaa jamaa. Aidha, kumchunguza moyo mgonjwa huyo huweza kufichua kinyume chake: kwamba mapigo ya vurugu ndiyo yaliyozaa bonge la damu likapanda ubongoni.

(Insula hiyohiyo huhusika na hisia. Washairi waliozoea kuweka huzuni moyoni hawakukosea sana, ila tu waliusahau ubongo.)

Watetezi wa usanifu watasema kuwa jibu lipo: mishipa ya fahamu. Istilahi hii ina sauti nzuri lakini inapotosha, na katika kiharusi hupotosha zaidi. Aliyezirai husemwa kuwa amepoteza fahamu. Jamaa wakiambiwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayoongoza moyo, watahitimisha kwamba mzee aliye macho na anayewatambua wajukuu wake hana tatizo lolote. Ilhali vagasi hufanya kazi mtu akiwa usingizini fofofo. Haina haja na fahamu yake. Afadhali mshipa uachiwe damu, na neva, neno la mkopo lisilo na historia ya kulielemea, libebe ujumbe. Ukopaji huu utawakera baadhi ya wahadhiri. Hata hivyo, stroki imekwisha kukopwa na wasemaji bila idhini ya mhadhiri yeyote.

Chuo Kikuu cha Egerton kinafundisha Kiswahili Njoro na utabibu mjini Nakuru. Madaktari wa kesho husoma vagasi kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili cha kubahatisha, huku tasnifu za Kiswahili zikiendelea kuchambua wahusika wa riwaya zilezile. Mwanafunzi wa uzamili anayehangaika kutafuta mada anaweza kupanda matatu Njoro na kufika mjini kabla ya saa za kuwaona wagonjwa.