Mbasa wapimwe vinasaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wataalamu wa TAFIRI, ambao wana kituo hapa Kyela, wapime vinasaba vya mitokondria vya mbasa wa mito yetu.

Vinasaba hivyo samaki huvirithi kwa mama, na urefu wake ni kama herufi 16,000 hivi. Vikilinganishwa vyaweza kusaidia kujua kama mbasa wanaopanda Kiwira kutaga mayai na wale wa Lufilyo ni ukoo mmoja au la.

Kwetu jambo hili ni la kitoweo na kipato. Kama koo ni mbalimbali, mto mmoja ukizibwa kwa nyavu wakati wa kutaga, mbasa wake watakwisha na wa mto wa pili hawatawarudisha.

Kazi hii inawezekana. Mwaka 2015 watafiti, wa TAFIRI wakiwamo, walitangaza kwamba vinasaba vimeonyesha samaki wa aina moja katika Ziwa Masoko, Rungwe, wanagawanyika makundi mawili: la pembeni na la kilindini.

Aidha, majibu yasiishie katika majarida ya ng'ambo. Yasomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji, kwani wanaotega nyavu ni sisi.

Mvuvi,
Makwale, Kyela.