Hesabu ya kumi na kisigino chenye majivu



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita baba mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Isha. Alingoja hadi watu wakapungua, kisha akanishika mkono na kusema: "Katibu, mwanangu mmemfundisha kushindwa." Sikuwa na jibu usiku ule. Kwa kuwa wazazi wengine nao wamekuwa wakiuliza juu ya mchezo wa kisahani tunaowafundisha vijana wa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, leo nitaueleza mchezo wenyewe pamoja na mazoezi yake, kisha nitalirudia shtaka la mzee wangu huyo.

Mchezo huitwa altimeti. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Wengi hukiita kisahani chake Frisbee, lakini hilo ni jina la biashara la kampuni ya Wham-O. Kinachotumika mashindanoni ni kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175. Uwanja kamili una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na katika kila ncha mita 18 hutengwa kuwa eneo la kufungia. Kila timu ina wachezaji saba. Aliyeshika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Anaweza tu kuzunguka juu ya mguu mmoja wa egemeo, na amepewa sekunde kumi awe amekwishakirusha. Kikianguka, kikitoka nje au kikidakwa na mpinzani, kimekuwa chao. Mwenzako akikidaka ndani ya eneo la kufungia la wapinzani, hilo ni bao. Kusukumana na kukwatuana hakuruhusiwi.

Hadi hapo ni mchezo kama michezo mingine. Linaloutenga ni kwamba hauna refa. Hata katika mashindano ya dunia ya shirikisho lake, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua mwaka 2015, wachezaji wenyewe ndio wanaoamua. Aliyetendewa faulo hutamka kwamba ametendewa. Anayetuhumiwa hukubali au hupinga. Wakizungumza na wasiafikiane, kisahani hurudi kwa aliyekirusha na mchezo huanzia pale. Waliosoma mlango wa hukumu katika fiqhi watatabasamu: hapa mdai, mdaiwa, shahidi na kadhi ni watu walewale, tena wote wanahema.

Hilo ndilo lililonivutia. Nilipoanza kufundisha nilidhani kazi zangu ni mbili zilizo mbalimbali: uwanjani nifundishe mikono na miguu, na darsani nifundishe ukweli, kisha vijana wauchukue ukweli huo wenyewe hadi uwanjani. Nilikosea, na kilichonizindua ni hesabu ya kumi.

Mlinzi anayemkabili mrushaji husimama mbele yake, asimkaribie zaidi ya upana wa kisahani kimoja, na kuhesabu kwa sauti. Kanuni inataka kati ya namba na namba ipite sekunde nzima. Mlinzi akianza kutamka "kumi" na kisahani bado kimo mkononi, mrushaji amekipoteza. Siku tulipocheza wenyewe kwa wenyewe kwa mara ya kwanza nilishika saa. Kumi ya vijana wetu ilikuwa sekunde sita. Ya mmoja wao, kijana mtulivu aliyehifadhi juzuu kumi, ilikuwa tano. Sidhani kama kuna aliyekusudia kudanganya. Ulimi ulikuwa unakwenda kule moyo ulikotaka, na mwenye ulimi hakuwa na habari.

Kwa hiyo zoezi letu la kwanza kabisa halina kisahani. Vijana husimama duara, hufumba macho, kila mmoja huhesabu kimya na kuinua mkono afikapo kumi, na mmoja katikati hushika saa. Kisha hukimbia uwanja mzima kwenda na kurudi na kurudia hesabu ileile huku wakihema. Ni hapo mwalimu anapomwona kila mtu. Kijana mmoja alipendekeza tuhesabu kwa Kiarabu, na kumbe alikuwa na hoja: namba za Kiswahili ni fupi na huteleza kama sabuni, lakini thalatha na thamania haziharakishwi bila kuuma ulimi. Mazoezini tunafanya hivyo. Kwenye mechi tunarudi kwenye Kiswahili, maana mpinzani ana haki ya kuielewa hesabu inayomhukumu.

Ya mikono nitayasema kwa ufupi. Mirusho ya msingi ni miwili: ule wa kuvusha mkono mbele ya kifua, na ule wa vidole viwili unaotokea ubavuni. Katika yote miwili kinachokiweka kisahani hewani ni kuzunguka kwake, na mzunguko huo hutoka kwenye kifundo cha mkono, si begani. Vijana wenye misuli huchelewa kulijua hili. Wawili wawili, umbali wa hatua kumi, mirusho hamsini ya kila aina, ndivyo tunavyopasha mwili. Kudaka ni kwa viganja viwili, kimoja juu na kingine chini, kama mtu anayefunga msahafu kwa adabu. Anayetaka kudaka kwa mkono mmoja kwa madaha huenda kukaa na wanaoshika saa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la watu watatu. Mmoja hurusha, wa pili humlinda, wa tatu hupokea akiwa mbali. Aliyerusha hukimbia palepale na kuwa mlinzi wa aliyepokea, naye aliyepokea humrushia yule aliyebaki nyuma, na hivyo huzunguka bila kusimama kwa dakika nzima. Ndani yake mna kila kitu: uchovu, kugusana, hesabu na kishawishi.

Ndani yake pia hufundishwa msingi wa ulinzi, ambao sisi tunauita kufunga mlango mmoja. Mlinzi hasimami wima mbele ya mrushaji, bali hukaa ubavuni na kumfungia upande mmoja wote, tuseme wa kushoto. Wenzake sita huko nyuma wanajua kwamba kisahani kitatokea kulia tu, basi kila mmoja humkaba mtu wake kwa upande wa kulia. Mlinzi wa mbele akilegea na pasi ikapenya kushoto, wote sita wamekaa pasipo na faida, wala si kosa lao. Sisi wa mwambao tuna msaidizi wa ziada. Kusi ikivuma, mfunge mrushaji kwa namna ambayo mlango uliobaki wazi unatazamana na upepo, umwache ashindane nao.

Katika kushambulia, ugonjwa wa wanaoanza ni mmoja: wote hukikimbilia kisahani kama kuku waliomwagiwa mtama. Dawa yake ni safu ya wima. Warushaji wawili hubaki nyuma, na watano hujipanga mstari mmoja katikati ya uwanja, wakiacha pande zote mbili tupu. Wa mwisho katika safu hutoka kwa kasi kuelekea pembeni. Asipopewa, huondoka haraka na kurudi kwenye safu ili mwingine apate nafasi ileile. Kuondoka ndiko kugumu kufundisha. Lingine gumu ni pasi ya kurudi nyuma. Hesabu ikifika sita na hakuna aliye wazi mbele, mrushaji ageuke ampe mwenzake aliye nyuma, na hesabu itaanza upya. Vijana waliiona pasi hiyo kuwa ya woga, wakapendelea kurusha mbali na kumwachia Mungu, jambo ambalo si tawakali hata kidogo.

Kabla sijaendelea, nijibu maswali mawili ya wazazi. Mabinti wanafanya mazoezi yao katika ua wa madrasa wenye ukuta, na ustadha wao, kwa siku tofauti. Najua kwamba katika Michezo ya Dunia altimeti huchezwa wanaume na wanawake pamoja, lakini sisi hatufanyi hivyo. Na mabonanza ambayo kila timu hutoa fedha kisha mshindi akazichukua zote, tumeyakataa, kwa kuwa sura yake ni ya kamari.

Sasa nije kwenye mechi. Mwezi uliopita tulialikwa na timu ya vijana wa shule moja, mchezo wa kufikia mabao tisa. Tulifika nane kwa nane, jua likiwa limeshainama na sisi tukiwa tumeafikiana kumaliza mapema kabla ya Magharibi. Mrushaji wetu, hesabu ikiwa saba, alikiachia kisahani mbali hadi pembezoni mwa eneo la kufungia. Mwana wa mzee wangu yule, kijana wa miaka kumi na mitano anayecheza pekupeku, aliruka, akakidaka na kutua. Mlinzi wake alikuwa ameanguka kifudifudi, hakuona kitu. Upande wetu ulipaza takbira.

Mistari ya uwanja ule ilichorwa kwa majivu, na kwa kanuni mstari wa pembeni ni nje. Kijana aliinua mguu, akatazama kisigino chake kilichokuwa cheupe, akasema: "Nje. Nimekanyaga."

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Nilikuwa nimeona. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumwashiria anyamaze, naye akanitangulia. Wapinzani walichukua kisahani, wakapiga pasi sita hivi, wakafunga. Tisa kwa nane.

Baada ya mechi kila timu huipa nyingine alama za moyo wa mchezo katika mambo matano: kuzijua kanuni na kuzitumia, kuepuka faulo, kuamua kwa haki, tabia njema na kujizuia, na namna ya kuzungumza. Alama huanzia sifuri hadi nne, na mbili ndiyo ya kawaida, maana yake mmecheza vizuri. Katika kuamua kwa haki walitupa nne. Karatasi ile nimeibandika ofisini. Hakuna kijana aliyeniuliza habari zake.

Jumamosi iliyofuata, katika zoezi la safu ya wima, niliona jambo. Kijana yule alitoka mara tano akiwa peke yake kabisa, na mara tano mrushaji alimtazama, kisha akageukia kwingine. Hakuna aliyemtukana, na salamu walimpa vizuri. Ila kisahani hakikumfikia. Nadhani hayo ndiyo baba yake aliyoyasikia nyumbani, wala mzee hakuwa akililia bao.

Kushindwa huuma, na kuumia si dhambi. Katika Sahihi Bukhari, Anas anasimulia jinsi Waislamu walivyohuzunika pale ngamia wa bedui alipompita Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (SAW) ambaye hakuwa akipitwa. Kwa hiyo sikuwakemea vijana kwa huzuni yao. Niliwakalisha na kuwaeleza habari za mkono wangu ulioinuka. Walinyamaza muda mrefu, na mmoja aliinamisha kichwa. Baadaye niliambiwa kwamba naye alikuwa ameona.

Tangu hapo tunamalizia kila mazoezi kwa zoezi jipya. Tunaanzia nane kwa nane, na mistari tunaichora upya kwa majivu. Kila anayedaka karibu na mstari lazima aseme mwenyewe "ndani" au "nje" kabla mwingine hajafungua mdomo. Akikosea kwa kutoona, wenzake humsahihisha na hakuna adhabu. Lakini mwenzake wa timu akiwa ameona na akanyamaza, timu nzima inaanza tena kutoka ncha ya mbali. Zamani nilikuwa nikimwachia mdakaji peke yake mzigo wa ukweli. Sasa ni wa saba wote.

Jambo la pili ni la mbinu tu. Nimemtoa kijana katika safu na kumfanya mrushaji wa nyuma, yule anayepokea pasi ya kurudi hesabu ifikapo sita. Kwa nafasi hiyo timu haiwezi kupumua bila kupita kwake. Siku ya kwanza walimlazimu akimbie ovyo, wakimrushia chini ya magoti. Siku ya pili kusi ilivuma kweli kweli, na ikaonekana kwamba mrusho wake wa vidole viwili, wa chini na wenye mzunguko mkali, ndio pekee unaokata upepo. Wakampa. Bado mmoja hajampa hata mara moja, naye nazungumza naye pembeni.

Mzee wangu, shtaka lako nimelipokea. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuagiza tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, na mwanao alifanya hivyo mbele ya mwalimu aliyekuwa tayari kumziba mdomo. Nilimfundisha yeye, nikawasahau wale sita wa kusimama naye. Jumamosi njoo baada ya Alasiri, utamwona mahali alipo sasa. Na ukiweza, njoo na saa yako. Tunahitaji mtu mzima wa kushika muda, kwa maana vijana wamenipima na mimi, na kumi yangu, timu yetu inapolinda, ni sekunde nane.