Tuwafundishe watoto dunia kwenye sinia

Wazazi Waswahili tunaoishi ughaibuni tukikutana, hatuachani bila ya lalamiko moja: watoto hawajui walikotoka. Kiswahili hawasemi, ugali hawautaki, na kula kwa mkono mbele ya wenzao wanaona haya. Tunalaumu shule, tunalaumu simu. Ni nadra kumsikia mzazi akilalamika kwamba nyumbani kwake hawali tena pamoja.

Sababu zinajulikana. Baba yuko zamu ya usiku, mama ndiyo kwanza anatoka kazini, na kila mtoto anapasha chakula chake na kuingia nacho chumbani. Sitaki kuwashutumu watu wanaohangaika kulipa kodi ya nyumba. Lakini mlo mmoja wa pamoja kwa wiki hautushindi, na mlo huo unaweza kumfundisha mtoto mengi kuliko mihadhara yetu yote juu ya "utamaduni wetu".

Tatizo ni kwamba wengi tunadhani kazi ya mlo huo ni kumfungia mtoto ndani ya "chakula chetu". Chakula chetu ni kipi hasa? Mahindi ya ugali, muhogo, nyanya na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na vilianza kufika Afrika baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Chapati tuliipata kwa Wahindi. Pilau ina ndugu zake Uajemi na India. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ikapandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yakastawi kwa jasho la watumwa. Mtoto anayeelezwa haya huku anakula anajifunza historia, tamu yake na chungu yake.

Na wenyeji wetu je? Hapa Uingereza samaki na chipsi huhesabiwa kuwa chakula cha Mwingereza halisi. Lakini wanahistoria wanaeleza kuwa samaki wa kukaanga namna ile aliletwa na Wayahudi waliotoka Uhispania na Ureno, na viazi asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitamka hadharani kuwa chicken tikka masala, kuku wa mchuzi mwenye asili ya Kihindi, ni mlo wa taifa la Uingereza. Mtoto anayeyajua haya hatainamisha kichwa akiambiwa shuleni kwamba chakula chake kinanuka.

Mwandishi wa makala hii yuko ugenini kwa sababu ya kalamu yake, na ameona jinsi siasa za "wenyeji" na "wageni" zinavyoanza. Huanza kwa kumcheka mtu lafudhi yake na anachokula. Tusijitoe katika lawama hiyo. Mara ngapi tumesema mbele ya watoto, fulani ni "wala nyoka", fulani ni "wala panya"? Ukishamwita mtu kwa jina la anachokula, umeshaanza kumvua utu wake.

Tuangalie mfano wa Afrika Kaskazini. Mpaka wa nchi kavu kati ya Algeria na Morocco umefungwa tangu mwaka 1994. Hata hivyo, mwaka 2020 nchi hizo mbili, pamoja na Tunisia na Mauritania, ziliingiza kuskus kwa pamoja katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Wakubwa walioshindwa kufungua mpaka waliweza kukubaliana juu ya sahani moja.

Tufanye nini basi? Tuchague siku moja, tuseme Jumamosi. Mtoto achague nchi, aitafute kwenye ramani, aingie jikoni asaidie kupika. Mezani aulizwe maswali matatu: chakula hiki kilitoka wapi, nani alikileta, na alikuja kwa hiari yake au kwa minyororo? Siku ya injera aalikwe jirani wa Ethiopia, ili mtoto aone kuwa si sisi peke yetu tunaokula kwa mkono. Na wiki nyingine awaalike rafiki zake wale ugali na mchicha wa nazi, kwa mkono huo huo wanaolia pitsa.

Wapo watakaouliza habari ya halali na haramu. Kila mtu abaki na mipaka ya dini yake. Kumweleza mtoto kwa nini sisi hatuli kitu fulani, bila ya kumdharau anayekila, nalo ni somo kubwa.

Waswahili wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wanaohubiri chuki, huku na kule nyumbani, wanawatafuta watoto wetu kupitia simu walizonazo vyumbani. Tuwatoe huko, waje wale na sisi.