Mwembe si wa Makaa Tu

Juma lililopita nilikwenda Mwakirunge kumjulia hali mzee mmoja, jamaa yetu. Nilipoingia uani nilihisi jua limenizidi, kisha nikatambua sababu. Mwembe alioupanda marehemu babake haupo. Kando palikuwa na magunia ya makaa yakingoja pikipiki ya kuyapeleka mjini.

"Mwanangu, uliacha kuzaa," aliniambia, "na mjukuu adaiwa karo."

Sikuwa na la kumlaumu. Mwenye shida haulizwi kwa nini auza. Wa kuulizwa ni sisi tuliomwachia mnunuzi mmoja tu, naye ni mchoma makaa.

Na mfano si wa kuufuata mbali. Hapo Changamwe, wachongaji wa ushirika wa Akamba wako kazini tangu 1963. Mpingo na muhugu ilipoadimika, walijifunza kutumia mwembe na mkilifi, ndio huo mwarobaini, usioliwa kwa wepesi na mchwa. Gogo ambalo kwetu ni makaa, kwao hutoka twiga, bakuli na sinia, vikauzwa hata Ulaya na Marekani.

Tusijidanganye kwamba ni kazi nyepesi. Mbao za mwembe zikiachwa mbichi hugeuka rangi, hupinda na kuliwa na wadudu. Zataka kupasuliwa mapema, kupangwa kivulini zipitiwe na upepo, na kungojwa. Subira hiyo ndiyo huongeza thamani.

Sisi watu wa pwani tuna kosa la zamani. Karne nyingi majahazi yalitoka huku kwa kusi yamesheheni boriti za mikoko kwenda Arabuni, yakarudi kwa kaskazi na tende, mazulia na masanduku ya njumu. Tuliuza miti, tukanunua kazi ya mikono ya wenzetu. Mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo, mkataji alibaki na shoka mkononi. Hali ufundi tunao: tazama milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji wa Kale.

Rai yangu ni hii. Mwakirunge, ambayo mjini yatajwa kwa jaa la taka tu, ipate karakana ya pamoja: msumeno wa kupasulia, banda la kukaushia, na mafundi wa kuwashika mkono vijana watokao vyuoni. Nasi wa misikiti na madrasa tuwe wanunuzi wa kwanza wa mimbari, marufaa, milango na madawati. Na kwa kila mti ukatwao, itiwe miche miwili ardhini, kwani tumefunzwa kwamba apandaye mti, akala kwake mtu au ndege, huandikiwa sadaka.

Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Vijana wetu wavuvia, lakini moto wa makaa. Tuwape randa na patasi.